Pesheni za Harusi

Katika basi la Temeke, Bi Mwanakombo alimkazia macho Revelian, karani wa kilimo aliyemzuilia bandarini kikapu cha pesheni kutoka Mombasa. Zilikuwa za sharubati ya harusi ya mjukuu wake.

"Tunapaka maji ya tunda kwenye jani la mche mchanga," Revelian alieleza kwa upole. "Jani likitoka madoa, basi tunda lina ugonjwa usioonekana kwa macho."

"Harusi ni Ijumaa. Huo mche wenu unalijua hilo?"

"Mche hauharakishwi, mama."

Abiria wa nyuma wakainama mbele wapate kusikia vizuri. Basi liliposimama Mtoni, Revelian alimpa mkono wa kuaga. Bi Mwanakombo akaupokea, kisha akanusa kiganja chake mwenyewe.

"Mkono wako unanukia pesheni, mwanangu."

"Ndio unaopaka majani, mama."

"Na mdomo?" akauliza, akashuka.