Nusu ya Shamba Isiyochomwa

Haki ya Mungu, radi initandike hapa hapa, kila neno ni kweli tupu! Ilikuwa Agosti 2012, kijiwe cha kahawa karibu na geti la mpaka Tunduma. Makene, mkulima wa Ndalambo ambaye wote wanamwita Tani Kumi, alikuwa amelijaza benchi kwa makalio na mdomo. Jua la Februari lilikaanga mahindi ya Momba yote, lakini nusu ya shamba lake ikazaa kama haikuona jua.

— Gunia ishirini! Mabua hayakuchomwa. Yalilazwa chini yakaoza, katikati mbaazi. Udongo mweusi tii, ukiuminya unatoa maji!

— Na nusu ya pili? akauliza Kwacha, mbadilisha fedha.

— Ile ilichomwa. Gunia tatu. Nilikuwa nafanya utafiti.

Injini, fundi malori, akapuliza kikombe.

— Udongo una mafuta, bwana. Ukichoma mabua, mafuta yanatoka na moshi.

— Na moshi unavuka mpaka hadi Nakonde! Kwacha akaruka. Miaka yote tunawarutubishia Wazambia mashamba, ushuru hawalipi! Ndiyo wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo wahenga umewasingizia, Injini akasema.

— Minyoo ya nusu ile yangu sasa! Makene akawakatiza. Ng'ombe wangu waliiona wakarudi kinyumenyume!

Kweli ng'ombe walirudi. Ila waliowarudisha ni miiba ya Nyanzobe, mkewe, aliyoizungushia nusu yake mwenyewe, huku Makene akimfokea wiki nzima: tangu lini ng'ombe wakanyimwa mabua baada ya mavuno? Hilo akalimeza na kahawa.

Ndipo akashuka Mayala, mdogo wake Nyanzobe, kwenye bodaboda, vumbi mpaka kope.

— Shemeji, nimekutafuta! Dada amekishika kiberiti chako. Anauliza, mwaka huu nusu yako unachoma tena, au aizungushie miiba kama yake? Maana mahindi yako yalikwisha mwezi jana, mnakula ya kwake.

Injini akachungulia kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Kwacha akaanza kuhesabu noti zake upya.

Makene akatazama vidole vyake.

— Mwambie... azungushe.

— Na kiberiti?

— Abaki nacho. Cha kuwashia jiko.

Haya, umesikia wewe tu. Usimsimulie mtu, hasa ng'ambo kule. Nakonde bado wanaamini ile nusu iliyozaa ni ya Tani Kumi.