Maji ya Leo Tutayajua Kesho: Wasifu wa Mama Bendera

Marehemu, ambaye tumekuja kumsindikiza asubuhi hii, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 katika nyumba ya watumishi iliyokuwa nyuma ya bwawa la kuogelea la shule ya bweni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mtunza bwawa. Alifagia majani, alisugua vigae, alitia dawa ya klorini, na jioni aliwafukuza watoto wa mtaani waliokuwa wakiruka ukuta. Mama yake alikuwa mshonaji. Nguo zote za nyumba ile zilinuka klorini, hata zile za wateja ambazo mama alikuwa bado hajazipiga pindo.

Mdogo wake wa kiume alizaliwa miaka mitano baadaye. Siku za Jumapili, wanafunzi wakiwa mabwenini, baba aliwaruhusu watoto wake kuingia bwawani kwa masharti mawili: wasipige kelele, na wasiguse maji kabla yeye hajayapima. Alichota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa, akakiinua juani kuangalia rangi. Watoto walisimama ukingoni wakitetemeka kwa hamu, macho yao yakimtazama baba na si bwawa. Mdogo mtu alikuwa mwoga. Akishaingia, alimng'ang'ania dada yake shingoni kwa mikono na miguu, mpaka sharti la kwanza likavunjwa kila wiki. "Baba, nitolee huyu pweza, ananinyonga!" Jina likamganda. Hadi leo, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, anaitwa Pweza, na atakayemwita kwa jina la kwenye vyeti huenda asiitikiwe.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwao, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaandikia swali ubaoni: "Maji safi yanaonekanaje?" Wenzake waliandika kwamba hayana rangi wala harufu. Yeye aliandika, "Sijui mpaka yapimwe," akapata sifuri. Baba yake aliposomewa jibu lile alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtuma arudi kwa mwalimu kuomba msamaha, kwa sababu, alisema, mwalimu ni mwalimu. Marehemu aliendelea na sekondari ya wasichana, na baadaye akajiunga na chuo cha ufundi sanifu wa maabara, ambako alihitimu mwaka 1980.

Tarehe 1 Februari 1981 aliajiriwa na idara ya afya ya mji, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2018. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye meza mbili, jokofu moja, na kabati la joto lililokuwa likinguruma mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuamua kama maji ya ufukwe wa watalii yanafaa kuogelewa. Kila asubuhi ya kupima alikunja suruali, akaingia baharini hadi magotini, akauelekea mkondo ili mchanga aliouchafua kwa miguu yake usiingie kwenye sampuli, akaizamisha chupa kifudifudi na kuigeuzia chini ya maji. Chupa ilikwenda kwenye sanduku la barafu, na kutoka hapo maabara. Vijidudu vya kinyesi, kama vimo, vilihitaji kulala usiku kucha ndani ya kabati la joto ndipo vionekane, vidoa vidogo kwenye visahani, vya kuhesabika kimoja kimoja.

Humo ndimo ulimokuwa ugumu wa kazi hiyo, na marehemu alipenda kuueleza kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya dakika chache. Jibu linapotoka, maji yaliyopimwa yameshaondoka, na watu wameshaoga. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu. Mvua kubwa ikinyesha na mfereji wa mji ukamwaga baharini, hakusubiri kabati. Alipandisha kwanza bendera nyekundu ya kukataza watu kuoga, akapima baadaye. Wauza vinywaji na waongoza wageni wakamwita Mama Bendera. Walianza kwa kejeli. Walipozoea, likawa jina la heshima, na mwishowe likawa jina tu.

Alikutana na mume wake mwaka 1982 kwa sababu ya jokofu. Fundi aliitwa kulitengeneza, akalitengeneza vizuri, kisha akaweka chakula chake cha mchana ndani, katikati ya chupa za maji ya bahari. Aliporudi hakukikuta.

"Dada, umetupa chakula cha mtu?"

"Nimeokoa tumbo la mtu."

"Na sasa huyo mtu atakula nini?"

Marehemu alimgawia chake. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, na wakajaliwa mtoto wa kike na wa kiume. Katika nyumba yao, jokofu lilikuwa na rafu moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na miaka yote fundi alidai kwamba mke wake aliolewa na jokofu na si yeye.

Wasifu wa mtu mkweli haufai kuruka mahali palipouma, na familia imekubaliana kwamba jambo lifuatalo lisemwe. Pweza, aliyefundishwa na dada yake kuogelea mpaka woga ukamtoka, alipokuwa mtu mzima alifungua biashara ya kukodisha maboya, miamvuli na vitanda kwenye ufukwe uleule. Mwisho wa mwaka 2009 aliweka kila alichokuwa nacho kwenye vifaa vipya, akisubiri wageni wa likizo. Wageni walipofika, usiku ikanyesha mvua. Asubuhi jua likawaka, bahari ikatulia, na bendera nyekundu ikawa inapepea juu ya maboya mapya ambayo hayajawahi kuloa.

Pweza alimkuta dada yake anafunga sanduku la barafu.

"Dada, hebu yaangalie. Yanang'aa kama kioo."

"Nimeyaangalia."

"Sasa?"

"Sasa nayapeleka maabara. Kesho tutajua."

"Kesho wageni wangu watakuwa ufukwe mwingine! Mimi ni ndugu yako, dada, si mwenye hoteli wa kutishwa na bendera."

"Maji ya leo tutayajua kesho, Pweza. Watoto wanaingia leo."

Kesho yake visahani vilitoka safi. Marehemu alikwenda mwenyewe kumwambia, lakini usiku ule mvua ilikuwa imerudi, na bendera ikabaki juu. Majibu ya pili nayo yakawa safi. Kufikia hapo likizo ilikuwa imeshakatika, na mabasi ya wageni yalikuwa yameshazoea njia nyingine. Pweza alikunja miamvuli yake mbele ya dada yake, mmoja baada ya mwingine, na alipomaliza akasema, "Umenizamisha kwenye maji safi."

Jioni, akivua viatu mlangoni, marehemu alimwambia mume wake, "Nilikosea kuhusu maji. Kuhusu bendera sikukosea." Kisha akaingia chumbani na hakula.

Pweza aliuza vifaa, akahamia mji wa bara, akafungua duka la magodoro. Ndugu hawa wawili hawakusemezana kwa miaka kumi na miwili. Baba yao alipofariki, walisimama pande mbili za kaburi, na kila mmoja alimwaga udongo wake na kuondoka kwa njia yake. Marehemu hakuomba radhi kwa ajili ya bendera ile. Lakini kila mume wake alipoongea na Pweza kwa simu, alimsubiri amalize, akajifanya anafuta meza, akauliza, "Anauza?" Akiambiwa anauza, alisema "Haya," na kitambaa kikaendelea kuzunguka mahali palepale palipokwisha kung'aa.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu, na akakatazwa kunywa zaidi ya kiasi alichopangiwa. Mume wake alichora mstari kwenye kikombe cha plastiki ili asizidishe. Marehemu alikitazama, akasema, "Nimepima bahari nzima, leo mimi napimiwa kikombe." Alikuwa akitania, lakini fundi alitoka nje na hakurudi mpaka macho yake yalipokauka. Usiku huohuo alimpigia simu Pweza.

Pweza alitokea kwenye wodi alikolazwa dada yake kabla ya mwisho wa wiki, amebeba godoro kichwani.

Muuguzi alimzuia mlangoni. "Mzee, hapa hatupokei mizigo."

"Si mzigo, mwanangu. Ni la dada yangu. Magodoro ya hospitali nayajua, ni biashara yangu."

Marehemu alifumbua macho. Alimtazama ndugu yake, akalitazama godoro, akauliza kana kwamba walikuwa pamoja jana yake, "Lina dhamana hilo?"

"Miaka kumi."

"Basi umepata hasara tena, Pweza. Mimi sina hiyo miaka."

Pweza alicheka. Alilitua godoro, akaketi juu yake pale sakafuni, akalia huku mkono wa dada yake ukiwa kichwani mwake. Hakuna aliyetaja bendera. Tangu hapo alikuja kila mara, na katika miezi ya mwisho alifunga duka, akahamia kwenye chumba cha uani nyumbani kwa dada yake.

Mapema mwezi huu marehemu aliomba kitu kimoja: kuingia baharini na ndugu yake, hata kwa miguu tu. Daktari alishauri wasikawie. Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, Pweza alimbeba mgongoni kutoka kwenye gari, akavuka naye mchanga. Marehemu alikuwa mwepesi, na alimshika ndugu yake shingoni kwa mikono miwili.

"Sasa pweza nani?" Pweza aliuliza.

"Tembea, acha maneno."

Bahari ilikuwa shwari, na bendera ilikuwa ya kijani. Pweza alipiga magoti ukingoni, akaanza kumvua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba na ilikuwa na vidonda vilivyofungwa bandeji. Hapo marehemu akauliza, "Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Pweza alijua. Ilikuwa imenyesha juzi yake usiku. Si kubwa, lakini alikuwa ameisikia juu ya bati la chumba cha uani, akaiombea iishe. Alikuwa ameisubiri siku hii kuliko kitu chochote, na angeweza kusema ni muda mrefu sasa. Nani angembishia?

"Juzi usiku," alisema.

"Sampuli ya leo?"

Alikwenda kumwuliza binti wa idara aliyeshika nafasi ya marehemu. Imechukuliwa asubuhi, aliambiwa, majibu kesho. Akarudi, akayaleta maneno hayo kama yalivyo. Marehemu alitazama maji kwa muda mrefu. Mawimbi madogo yalikuwa yanafika hatua chache kutoka vidoleni mwake na kurudi.

"Mimi nimestaafu," alisema hatimaye. "Sema wewe, Pweza."

Pweza aliitazama ile miguu. Akakiokota kiatu kilichokwisha kuvuliwa, akakipangusa mchanga, akamvisha tena. "Tusubiri, dada."

Walikaa juu ya taulo mpaka kivuli cha mnara wa waokoaji kikawafikia. Waliongea habari za bwawa, za klorini, za baba yao na kichupa chake. Jumapili asubuhi pumzi ya marehemu ilibana, akakimbizwa hospitalini. Mchana binti wa idara alipiga simu. Pweza alipokea akiwa kando ya kitanda, akasikiliza, akashukuru, akainama sikioni mwa dada yake.

"Yalikuwa safi, dada. Maji ya jana yalikuwa safi."

Marehemu alitabasamu bila kufumbua macho. "Nimekuzamisha tena?"

"Hapana. Safari hii bendera niliipandisha mimi."

Marehemu alimbana vidole, na hakuachia mpaka usingizi ulipomchukua. Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mume wake, watoto wake na Pweza wakiwa karibu naye. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, ambaye bado hajathubutu kuweka kitu kwenye rafu ile ya jokofu, binti yake ambaye ni mwalimu, mwanawe ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, ambao wote wanajua kuogelea na wote huuliza mvua ilinyesha lini, mkwe mmoja, mdogo wake, Pweza, na familia yake, pamoja na wenzake wa idara, na watu wa ufukweni wasio na idadi ambao hawakumjua, na ambao hawatajua kamwe ni siku gani aliwakinga na siku gani aliwakatalia bure. Naye hakujua, mpaka kesho yake.

Baada ya mazishi, Pweza atakwenda ufukweni kuingia baharini kwa niaba ya dada yake. Anayependa kumsindikiza anakaribishwa. Ataingia iwapo majibu ya sampuli ya jana yataruhusu. Yasiporuhusu, atasubiri.

Mama Bendera wetu, mke, mama, bibi na dada, apumzike kwa amani.