Mtungi wa Elwood Hauonekani Barabarani

Desemba ikishaingia Dakota Kaskazini, mtu mwenye akili zake hakai nje kupiga soga, isipokuwa wale wa benchi la Cottonwood, kambi ya magari-nyumba. Benchi lao limeegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya bomba linalotema hewa ya moto ya mashine za kukaushia, kwa hiyo miguu inaganda lakini mabega yanapata joto lenye harufu ya sabuni. Hapo kila asubuhi utamkuta Orrin, dereva mstaafu wa basi la shule, anayeitwa Digrii kwa sababu hakusalimii kabla hajakutajia baridi ya siku hiyo. Pembeni yake yupo Merle, aliyewahi kufagia ofisi za kampuni ya mafuta na tangu hapo anaitwa Injinia, na anaitika bila haya. Wa tatu ni Duane, yaani Balozi, maana anajua siri za serikali zote, hata zile ambazo serikali zenyewe hazijazisikia. Kahawa inatoka kwa Lavonne, mjane anayeishi peke yake kwenye gari-nyumba la kijani, na asubuhi hiyo alikuja na chupa yake kubwa ya kahawa na jambo moja lililomnyima usingizi. Mtungi wa gesi wa jirani yao Mzee Elwood haujatolewa barabarani tangu ile theluji kubwa ianguke, siku tano sasa.

Ukikaa pale msimu mmoja utaelewa kwa nini hilo linamnyima mtu usingizi. Gari-nyumba likishaegeshwa kwa majira ya baridi haliendi tena mjini kujaza tangi lake la chini, kwa sababu matairi yameshikana na ardhi na mabomba ya maji yamevikwa mablanketi. Kwa hiyo kila mtu ana mtungi wa gesi nje, umeunganishwa na gari kwa mpira. Ukiisha, unaufungua, unaufunga kitambaa chekundu shingoni na kuuweka kando ya barabara, na yeyote mwenye pikapu anayekwenda mjini anaubeba akaujaze. Hakuna kugongeana milango. Mlango ukifunguliwa mara moja tu joto lote linatoka na gesi ya watu imeteketea bure, na aliyekuwa mkali kupita wote katika sheria hiyo ni Elwood mwenyewe. Ukitaka kujua hali ya jirani yako, unatazama mtungi wake.

— Ishirini na mbili chini ya sifuri, alisema Digrii, akipokea kikombe kwa glavu. Na upepo bado sijauhesabu.

— Habari ya asubuhi na wewe, Orrin, alisema Lavonne. Jamani, nina jambo nataka kuwauliza. Nani kati yenu amebeba mtungi wa Elwood siku hizi?

— Si mimi, alisema Digrii.

— Wala mimi, alisema Injinia. Mimi nilijua unabeba wewe.

— Mimi sijaubeba, alisema Lavonne. Umekaa palepale chini ya gari lake, theluji imeufika shingoni.

Wote wanne waligeuza vichwa. Gari-nyumba la Elwood lilikuwa la kwanza kabisa kutoka kwenye benchi, karibu kiasi kwamba ukitema mate kwa bidii unalipata. Mapazia yalikuwa yamefungwa na taa ya ndani inawaka.

— Khaa! alisema Balozi. Kwa baridi hii? Mtungi wangu mimi haufikishi siku nne!

— Wangu haufikishi tatu, alisema Digrii. Na nalala na soksi mbili!

— Mungu wangu! alisema Injinia. Sasa mzee anaota moto gani?

Lavonne alifungua mdomo aseme kile alichokuja kukisema. Elwood ndiye aliyemfundisha kubadilisha mtungi, wiki ileile alipomzika mumewe, watoto wake wakiwa wanamshinikiza auze gari akaishi kwao, kwenye chumba cha juu cha nyumba kule mjini Fargo. Alimsimamia kwenye theluji mpaka mikono yake ikajua upande wa kukaza na upande wa kulegeza, na kama isingekuwa mzee yule, leo asingekuwa anaishi kwake. Kwa hiyo Lavonne alikuwa na hofu, tena hofu ya kweli, lakini kabla hajapata neno la kuanzia Digrii alikuwa ameshaanza.

— Anabana matumizi. Mimi namjua Elwood. Yule anaweza kuvaa makoti matatu akazima hita, kisha akajisifu mwaka mzima.

— Acha hizo, Digrii, alisema Injinia. Makoti hayachemshi chai. Makoti hayayeyushi barafu ya chooni. Hebu mtazameni pale juu ya paa, halafu mniambie mnaona nini.

— Theluji.

— Theluji! Sasa angalia paa langu. Kuzunguka lile bomba la moshi kumeyeyuka, si ndiyo? Na la Lavonne hivyohivyo. Kila mmoja hapa ana tobo juu ya paa lake. La Elwood limekaa kama keki ya harusi. Halijaguswa!

— Loh! alisema Digrii, na alishtuka kweli. Hata mvuke hautoki!

— Hautoki kabisa.

— Makubwa haya!

Lavonne naye aliitazama theluji ile juu ya paa, nene na laini kutoka mwanzo hadi mwisho wa gari. Alisema:

— Sasa si ndiyo nasema, Merle. Kama hakuna joto linalotoka…

— Ngoja kwanza, mama, nimalizie. Hilo ni jambo la kitaalamu. Maana yake Elwood ameziba paa kwa ndani. Ameziba kiasi kwamba joto halina pa kutokea. Linazunguka tu humo ndani, linakwenda linarudi. Moto wa jana ndio anaouota leo.

— Unatupiga kamba, Injinia!

— Kamba? Mimi nimefanya kazi kampuni ya mafuta, bwana!

— Ulikuwa unafagia!

— Nilikuwa nafagia ofisi ya watu wanaojua. Maneno yalikuwa yanadondoka sakafuni, nayaokota.

Walicheka mpaka Balozi akamwaga kahawa kwenye buti. Nyuma yao mashine za kukaushia zilinguruma, na bomba likawatemea hewa ya moto visogoni. Digrii aligawa vipande vya mkate laini wa viazi aliopika dada yake, kila kipande kimepakwa siagi na sukari, na kwa muda kidogo midomo ilikuwa na kazi nyingine.

— Mimi nitawaambia, alisema Balozi akijifuta mdomo, lakini haya msiyatoe nje ya benchi. Kwa nini taa ya Elwood haizimwi?

— Haizimwi?

— Haizimwi usiku, haizimwi mchana. Mimi huwa naamka kwenda haja, naiona. Alfajiri naiona. Sasa hivi mnaiona. Mzee ambaye alikuwa anamgombeza mtu kwa kuacha taa ya chooni ikiwaka!

— Yesu wangu, hilo nalo ni kweli! alisema Digrii.

— Basi jiulizeni. Usiku kucha anafanya nini?

— Anafanya nini?

— Anachimba.

— Anachimba!

— Anachimba. Hebu tazameni kule ng'ambo.

Walitazama. Ng'ambo ya uwanda, nyuma ya uzio wa kambi, visima vya mafuta vilikuwa vinaunguza gesi isiyotakiwa, ndimi za moto wa njano zikisimama juu ya theluji kama kila siku.

— Gesi yote ile inachomwa bure hewani, alisema Balozi. Imetoka wapi? Chini. Chini ya wapi? Chini ya makalio yetu hapa! Elwood ametoboa sakafu ya gari lake, amechimba, ameipata. Bomba limetoka ardhini moja kwa moja mpaka kwenye jiko. Mtu wa hivyo atafunga kitambaa chekundu cha nini?

— Mungu wangu!

— Mungu wangu kabisa!

— Ardhi imeganda, Duane, alisema Lavonne. Ukipiga sululu inarudi ikakupiga wewe.

— Kwani nani kasema sululu? Anayeyusha kwa pasi.

— Kwa pasi!

Injinia aliinama akacheka hadi akakohoa. Digrii alimpiga mgongoni, naye akacheka, na Lavonne mwenyewe, pamoja na hofu yake yote, alijikuta anaicheka ile picha ya Elwood kapiga magoti anapiga pasi Dakota. Kisha akajichukia. Akakiweka kikombe juu ya benchi.

— Sikilizeni jamani. Mimi sifurahii. Mzee yule ana miaka themanini na kitu, hana hata simu…

— Simu aliitupa mtoni, alisema Balozi. Na ndiyo nasema! Mtu asiye na la kuficha anatupa simu?

— Aliitupa kwa sababu ilikuwa inampigia yenyewe kumuuzia bima, Duane! Nasema hivi, mtungi haujatoka, paa halijayeyuka, mvuke hakuna. Mimi jana nilisimama pale nje ya mlango wake.

Hapo Digrii alimgeukia.

— Ukafanya nini? aliuliza Digrii.

— Nikasimama.

— Hukugonga?

— Nilinyanyua mkono. Halafu nikakumbuka alivyomfokea yule mama wa gari la bluu aliyemgongea kumpelekea supu. Mlango ukabaki wazi, mzee anahesabu hasara ya gesi kwa sauti. Nikaona atanifokea na mimi. Nikaondoka.

— Ulifanya vizuri, alisema Injinia kwa upole. Angekuchamba mpaka masika.

— Angekuchamba, alikubali Digrii. Joto lote lile lipotee!

— Joto gani? alisema Lavonne, lakini alilisema kwa sauti ndogo, kama anajiuliza mwenyewe.

Balozi alikuwa ameshajisogeza mbele kutoa nadharia nyingine, ya mwanamke wa Kanada aliyevushwa mpakani usiku akiwa ndani ya jokofu, ambaye kwa joto la mwili wake peke yake nyumba nzima inapata moto. Digrii alisema makubwa, Injinia aliuliza jokofu hilo lazima liwe la futi ngapi, na benchi zima likawa linatikisika kwa kicheko. Ndipo mlango wa chumba cha kufulia ulipofunguliwa, akatoka mwanamke ambaye hawakumfahamu, na kikapu cha taulo zinazofuka mvuke mikononi. Alikuwa amevaa makoti mawili, yote mepesi.

— Hamjambo, alisema. Mimi naitwa Clarice. Tumefika jana na mume wangu kutoka Louisiana, amepata kazi visimani. Samahani, nimekuwa nawasikia humo ndani wakati nasubiri nguo. Huyo mzee mnayemsema, ni wa gari hili hapa?

— Ndilo hilo, dada, alisema Digrii. Karibu kahawa. Ishirini na mbili chini ya sifuri leo.

— Asante. Na nani amemgongea?

Digrii alimtazama Injinia, Injinia akamtazama Balozi, na Balozi, mwenye jibu la kila jambo duniani, akaangalia ndani ya kikombe chake. Clarice aliwatazama mmoja mmoja, bado anasubiri, akidhani labda hawakumsikia.

Lavonne alikuwa ameshaondoka. Alikimbia kwenye theluji iliyomfika magotini, akapiga mlango ule kwa ngumi, akaita jina, akapiga tena. Kitasa kilikuwa kimeganda. Injinia alikuja mbio na spana yake, safari hii bila neno la kitaalamu hata moja, akakigonga mara mbili tatu barafu ikapasuka, mlango ukafunguka, na hakuna hewa yoyote ya joto iliyotoka.

Elwood alikuwa sakafuni kati ya kitanda na jiko, amevaa koti, kofia na buti, amejikunyata mbele ya kihita kidogo cha umeme cha kukaushia soksi. Midomo ilikuwa ya bluu. Kando yake palikuwa na pakiti tupu ya biskuti na sufuria yenye barafu. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yanawatazama.

— Yu hai! alipiga kelele Lavonne. Orrin, piga simu! Yu hai!

Clarice alimpita kila mtu akapiga magoti na kikapu chake. Alimfunika mzee taulo moja baada ya nyingine, zikiwa bado na moto wa mashine, kifuani, shingoni, miguuni, akimwambia maneno ya polepole kama ya kumbembeleza mtoto. Lavonne alimvua glavu akaushika mkono wake. Ulikuwa mgumu na baridi, lakini ulimshika na yeye.

— Nilitoka kufungua mtungi, alisema Elwood. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ilibidi wainame. Mgongo ukakataa. Nikarudi kwa kutambaa.

— Usiseme sana, mzee wangu. Gari la wagonjwa linakuja.

— Niliita. Lakini hizo mashine zenu za nguo… Mimi ndiye nilikuwa nawasikia ninyi. Kila asubuhi, vizuri kabisa. Vicheko.

Balozi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi kwa baridi ile. Injinia bado alikuwa ameshika spana. Elwood aliwatazama wote watatu, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo, alikuwa mtu aliyekaa peke yake muda mrefu na sasa anataka tu kushirikishwa.

— Hebu niambieni, alisema. Kitu gani kilikuwa kinawachekesha hivyo?

Lavonne aliinamisha kichwa juu ya ule mkono.