Orrin Haugstad Anaiacha Meza ya Nyuma

Baada ya miaka thelathini na moja, fundi wetu wa bunduki hapa dukani, Orrin Haugstad, anastaafu leo tarehe 29 Mei. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Darla wa kaunta, nikaambiwa niuchangamshe. Haya, nitajaribu.

Orrin alitujia kutoka kiwanda cha mbao, bisibisi zake zikiwa ndani ya kopo la kahawa. Kopo lenyewe lipo mpaka leo. Nusu ya bunduki za nusu otomatiki za bonde hili zimepita mikononi mwake, akibadilisha vitako, akilainisha vifyatulio, akifunga darubini mpaka ikae sawasawa. Ukimletea kipuri cha ovyo ulichoagiza mtandaoni, atakutazama kwa huruma: "Hiki wapelekee wajukuu wakachezee, bwana." Hajachelewesha kazi ya mtu hata siku moja.

Uchangamfu wangu unaishia hapo.

Februari mwaka jana Lyle Brekke, mfugaji, aliyekuwa ametoka kumzika mkewe, aliweka bunduki yake juu ya kaunta yangu. "Darla, nishikieni hii kwa muda." Hapa kwetu mtu akisema hivyo tunaelewa anaogopa atajidhuru nayo, na hatumuulizi neno. Tunaifungia kwenye sefu, basi.

Orrin alikuwa akiwinda na Lyle tangu ujana. Hakuvumilia kuiona imekaa tu. Kila saa ya chakula aliitoa, akaiunda upya kwa vipuri alivyonunua mwenyewe: kitako kipya, kifyatulio laini, na darubini ile aliyoitamani Lyle kwa miaka. "Mtu akiwa na kitu cha kungojea, atangoja," aliniambia. "Atataka kuufikia msimu wa kuwinda kulungu." Nami, mjinga mwenzake, nikaona ni jambo jema. Aprili akampigia simu: "Lyle, we mzee, njoo uone maajabu!"

Lyle akaja. Aliigeuzageuza, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamkumbatia Orrin. Akiondoka nayo, mlango nilimfungulia mimi. Siku ya tatu alijiua kwa bunduki hiyo hiyo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile Orrin anakuja, anakaa mezani, bisibisi hagusi. Tumemwambia si kosa lake mpaka tumechoka, na mimi mwenyewe siamini ninaposema hivyo.

Jana alikuja na bunduki yake. Akaiweka pale pale Lyle alipoweka yake. "Darla, nishikieni hii kwa muda."

Orrin, ahsante kwa miaka yote. Bunduki yako iko kwenye sefu na ufunguo ninao shingoni. Hakuna atakayeipamba. Nitakupigia simu kila asubuhi, wala si kukuita uje kuichukua. Na safari hii nauliza, mbele ya wafanyakazi wote: unafikiria kujiua? Nuna ukitaka, lakini nijibu.

Tunakutakia maisha, Orrin. Yawe mema, yasiwe mema, tunakutakia maisha.