Pampu ya Kahawa Kwenye Mahindi

Chubwi, chubwi, kitu kilikuwa kikilia chini ya kiti cha basi tangu tulipotoka Gitega. Kumbe ni dumu la mbolea ya maji. Mwenye dumu, Athumani, alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti, mama mmoja wa Butihinda, kwamba analirudisha kwa muuzaji wa Muyinga.

"Iliunguza majani ya mahindi ya mama mkwe. Kesho anang'oa yote apande maharage. Na mi ndiye nilimushauri atumie hii mbolea."

"Ulipuliza na nini, kaka?"

"Na pompi ya kahawa. Nilifanya ukungu, jani lote ikalowa, saa sita, jua ikaushe vizuri."

Yule mama akacheka. Kahawa hupuliziwa ukungu kwa ajili ya wadudu, alisema, lakini mbolea ikikaukia kwenye jani hulichoma. "Weka tundu kubwa kwenye pampu, matone yadondoke chini kwenye udongo. Na iwe jioni, jua limepoa."

"We unatetea dawa mubaya, dada."

"Natetea mahindi. Jani changa la katikati likoje?"

"Iko kijani."

"Basi hayajafa."

Ningemjibu Athumani mimi mwenyewe, ila yule mama hakuhitaji msaada. Athumani alilaumu dumu lake mpaka Muyinga. Gari liliposimama, duka la mbolea lilikuwa ng'ambo ya barabara. Hakuivuka. Alitoa simu, akampigia mama mkwe.

"Mama, usiyang'oe. Niko narudi na hii dumu. Nitamwaga mwenyewe jioni, chini, mustari kwa mustari. Yakikufa, mi ndiye nitakulimia maharage."