Kiunzi cha Wote

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, na alichotaka kwenye treni ile ni usingizi tu. Lakini mbele yake alikuja kuketi bwana mwenye kompyuta iliyojaa stika, kando ya dada ambaye bwana huyo hakumjua, aliyekuwa akiandika programu kwenye kompyuta mapajani. Hapo usingizi ukaaga.

"Dada yangu, tovuti nzima unaijenga tangu msingi?" bwana aliuliza. "Kiunzi chetu cha kujengea tovuti ni kama nyumba yenye kuta, milango na paa tayari. Ni cha bure, ni mali ya wote. Wewe ni kuingia na kupaka rangi tu."

"Kaka, cha bure nimeshakionja," dada alijibu bila kuinua macho. "Waliokijenga walichoka, wakaniacha kwenye mataa na mfumo wa kliniki nzima. Chenu kikiharibika, anatengeneza nani?"

"Sisi sote."

Muuguzi aliguna kimoyomoyo. Wodini kwao kulikuwa na birika la wote, na hakuna aliyewahi kuliosha.

"Hicho cha kwenye stika zako nakijua; juzi niliuliza swali kwenye ukurasa wenu," dada aliendelea. "Nikajibiwa alfajiri. Nikauliza jingine, nikajibiwa alfajiri tena, na mtu yuleyule. Huyo halali?"

Bwana alifikicha macho yake mekundu. "Analala kidogo," alisema. "Ndiyo maana natafuta watu."

"Kwani sasa hivi mko wangapi, kaka?"

Bwana alitazama dirishani, kana kwamba wenzake walikuwa nje wakiikimbilia treni. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama, milango ikafunguka. Hakupanda mtu.