Mbuzi ya Nazi Mgongoni mwa Bi Muzdalifa

"Alisahau bakuli."

"Hakusahau."

"Alisahau, Ismail. Mkoba nimeufunga mimi kwa mikono yangu. Mbuzi imo, nazi imo, dawa za sukari zimo. Bakuli halimo. Kasahau, halafu kaona haya kusema."

"Bi Mwanakhamis, mimi nimetembea naye siku tatu. Ungesahau wewe. Yule hakusahau."

Wasikilizaji wapendwa, mabishano hayo niliyakuta Jumamosi iliyopita mtaa wa Amani, mlangoni mwa nyumba ya msiba. Bi Mwanakhamis yuko ndani ya pazia na mwiko mkononi. Bwana Ismail yuko nje ya pazia na mfuko wa sukari. Hawaonani, lakini wanabishana. Na wanayembishania kazikwa juzi yake.

Kazikwa Bi Muzdalifa Ubwa. Umri wake miaka sitini na mitatu. Mpishi wa shughuli, mkaazi wa Amani. Kama umekula pilau ya harusi mjini hapa miaka ishirini iliyopita, basi huenda umekula mkono wake bila ya kujua. Leo tunamkumbuka yeye. Na tunakumbuka safari yake ya kutoka Amani mpaka Nungwi, kwa miguu, na mbuzi ya nazi mgongoni.

Ndiyo, mbuzi ya nazi. Kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma, unachokalia ukakuna nazi. Kilo tatu na ushei. Bi Muzdalifa aliibeba mbuzi hiyo kutoka mjini mpaka ncha ya kaskazini ya Unguja. Tulio wengi tulicheka. Na mimi nilicheka, siwafichi.

Wasikilizaji wapendwa, tuanze mwanzo.

Bi Muzdalifa alizaliwa Mkunazini, Mji Mkongwe. Walikuwa ndugu wawili tu, yeye na mdogo wake, Bi Tahiya. Mama yao aliitwa Bi Sichana. Nyumba yao ilikuwa haina siku ya mgeni, kwa sababu kila siku ilikuwa ya mgeni. Na katika jiko la Bi Sichana kulikuwa na vitu viwili visivyoachana: mbuzi ya nazi, na bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Mbuzi inakuna, bakuli linakinga. Mguu mmoja wa mbuzi ulikuwa mfupi, kwa hiyo ukikuna inagonga sakafu. Kwaru, to. Kwaru, to. Mtaa mzima ulikuwa ukijua Bi Sichana kaanza kupika.

Watoto wakakua. Muzdalifa akaolewa Amani. Tahiya akaolewa Nungwi. Mama akazeeka, akafariki. Arubaini ilipokwisha, ndugu wakakaa kugawana vitu vya jikoni. Hapo ndipo palipoharibika.

Muzdalifa alikuwa keshaichukua mbuzi. Alikwisha kuitia kwenye kikapu chake kabla ya mdogo wake hajafika. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ndiye mpishi, na ndiye aliyemuuguza mama. Tahiya naye alikuwa na hoja. Tangu ana miaka saba, anayekalia mbuzi ile kila siku ni yeye. Ana kovu la ulimi wa mbuzi kwenye kidole gumba mpaka leo, kanionesha.

Maneno yakawa maneno. Mwisho Tahiya akasimama, akachukua bakuli peke yake, akalitia kwapani. Akasema: "Kaa nayo. Siku ukinitaka, niletee mwenyewe. Kwa miguu yako."

Na Muzdalifa akajibu kuwa atakufa kwanza.

Miaka kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Narudia, miaka kumi na moja. Mmoja yuko Amani na mbuzi, mmoja yuko Nungwi na bakuli. Hakuna simu, hakuna salamu. Harusi zikafanyika huku na kule, mwaliko hauendi wala hauji. Nilimuuliza Bi Tahiya kama mbuzi ilikuwa na thamani kiasi hicho. Akanambia: "Mimi sikutaka mbuzi. Mbuzi zimejaa Darajani. Nilitaka kuulizwa."

Sasa, safari ilianzaje? Ilianza na sukari. Daktari alimpima Bi Muzdalifa akamwambia atembee. Akaenda kujiunga na kikundi cha mazoezi kinachokutana asubuhi nje ya uwanja wa Amaan. Kiongozi ndiye huyu Bwana Ismail, mwamuzi wa mpira mstaafu. Wiki ya kwanza Bi Muzdalifa alizunguka uwanja nusu, akakaa kwenye ukingo wa barabara akaomba chai. Wiki ya nne alimaliza mizunguko miwili, na chai akaisahau.

Kikundi kile kina safari moja kila mwaka. Siku tatu kwa miguu, Amani mpaka Nungwi. Kina sheria moja: kila mtu abebe chake, hakuna kubebeana. Na kina kituko kimoja. Kila mtu huchukua kitu ambacho mwenye akili zake angekiacha nyumbani. Bwana Ismail hubeba birika lake la chai, kwa sababu hanywi chai ya birika la mtu. Bwana Anwar hubeba pasi. Anataka kuingia Nungwi na kanzu iliyonyooka. Bi Biasha hubeba mto wake wa kulalia, mkubwa kuliko mkoba wake.

Ismail alipoitaja Nungwi, Bi Muzdalifa aliacha kufunga raba yake. Halafu akauliza swali moja: "Unaruhusu kitu chochote?" Ismail akasema chochote, mradi abebe mwenyewe. Asubuhi ya safari akaja na mbuzi.

Mwaka ule wa kwanza hakufika, wasikilizaji wapendwa. Mbuzi ilimchubua mgongo. Raba zikamkata kisigino. Jioni wanaingia Mahonda, soksi ina damu. Mwenye sukari na kidonda cha mguu, mnajua wenyewe hatari yake. Muuguzi wa pale akamwambia kesho asitembee tena, arudi mjini. Akarudi kwa gari, mbuzi kaipakata kama mtoto.

Bi Mwanakhamis alikuwa dirishani. Hawa ni majirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo hakuna la kuficha. Akamwambia: "Ah, karibu kutoka Nungwi."

Bi Muzdalifa akamjibu: "Sijarudi. Nimepumzika tu."

Na kweli alikuwa kapumzika tu. Kisigino kikachukua wiki saba kupona. Kilipopona, akaenda Darajani akanunua raba kubwa kwa namba moja zaidi. Ulimi wa mbuzi akaufunga taulo. Mbuzi nzima akaifunga mgongoni kwa kanga mbili, kama anavyobebwa mtoto. Halafu akaanza kuzunguka uwanja nayo. Kila asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, mwaka mzima. Watu wanakwenda kazini wanamwona mama mtu mzima anazunguka uwanja na mbuzi ya nazi mgongoni. Wengine walidhani kaweka nadhiri. Wengine walidhani kaharibikiwa. Mwanakhamis alikuwa akimwita Bi Harusi, kwa vile anavyotembea taratibu na mzigo wake. Lakini nikwambieni kitu. Jioni, mtu huyo huyo Mwanakhamis anaingia kwa jirani yake, anakaa chini, anazishika nyayo zake, anazitazama moja moja kwa tochi ya simu. Kwa sababu Muzdalifa alikuwa hawezi kuinama kujitazama. Mwaka mzima. Mdomo unakejeli, mkono unatafuta kidonda.

Mwaka wa pili wakatoka tena. Siku ya kwanza Amani, Mtoni, Bububu, mpaka Mahonda. Alilala Mahonda na visigino vizima. Siku ya pili mvua ikawakuta kabla ya Kinyasini. Kanga zikaroa, mbao zikanywa maji, mzigo ukaongezeka. Anwar, mwenye pasi, alimwonea huruma. Akasema sheria isiwe mwiba, ampe aibebe mpaka Mkwajuni tu, hakuna atakayejua.

Bi Muzdalifa akamwambia: "Tahiya kanambia mimi. Hajakwambia wewe."

Wakafika Mkwajuni. Wenyeji waliowalaza wakamuuliza kama anahitaji chochote. Ismail, aliyekwisha kuona kwamba mkobani hamna bakuli, akamshauri aazime moja pale. Akasema hahitaji. Hilo ndilo neno ambalo Ismail na Mwanakhamis wanagombania mpaka leo. Ismail anasema mtu asiyehitaji hajasahau. Mwanakhamis anasema mkaidi akisahau husema hahitaji.

Siku ya tatu, karibu na Kidoti, akaanza kuchechemea. Ismail akasimamisha kikundi. Akamvua raba mwenyewe, akatazama. Lengelenge, lakini halijapasuka. Akampa nafasi ya kupanda gari, kwa heshima kabisa, kwani zimebaki kilomita chache. Bi Muzdalifa akala tende mbili. Akavaa raba. Akasema: "Nikifika kwa gari, sijafika." Wakatembea kwa mwendo wake yeye, hatua fupi fupi, watu kumi na wanne nyuma ya mbuzi moja. Hata adhana ya Adhuhuri ilikuwa bado wakati waliposimama Nungwi, mtaani kwa Bi Tahiya.

Hapo naomba tusimame kidogo.

Bi Muzdalifa Ubwa alifariki Jumatano iliyopita, nyumbani kwake Amani, baada ya kuugua siku chache. Ni miaka mitatu tangu safari ile. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwa niaba ya kituo hiki na yangu binafsi, mkono wa pole uwafikie watoto wake, wajukuu wake, kikundi cha mazoezi cha Amani, na Bi Mwanakhamis, ambaye alipika chakula cha msiba siku tatu bila ya kukaa. Zaidi ya wote umfikie Bi Tahiya. Mungu amlaze dada yake pema.

Na wewe unayenisikiliza, jikoni kwako, dukani kwako, fikiri kidogo. Kuna mtu wako ambaye anangoja kuulizwa tu. Umbali wa kwake unaujua. Umekuwa ukiukwepa kwa kuuita mrefu.

Sasa turudi mlangoni. Haya yanayofuata kanipa Bi Tahiya mwenyewe, kakaa mkekani palepale msibani, na wale wawili wakiendelea kubishana kwenye pazia.

Kikundi kilibaki mwisho wa uchochoro. Bi Muzdalifa akaenda peke yake. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Tahiya yumo ndani, kasimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo. Sauti kaijua tangu hodi ya kwanza. "Mkono ulikataa," kanambia. "Miaka kumi na moja ilikuwa imelala juu ya komeo lile."

Hodi ya tatu. Kimya.

Na nyote mnajua adabu yetu. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa unageuka, unakwenda zako. Ya nne haipo. Ismail anasema alianza kuchukua birika lake kutoka chini, maana aliona mambo yamekwisha.

Bi Muzdalifa hakupiga ya nne. Wala hakugeuka. Akafungua kanga, akaishusha mbuzi, akaiweka mbele ya kizingiti. Akatoa nazi. Akaigonga jiwe, ikapasuka, maji yakamwagika. Akakaa. Akaanza kukuna.

Kwaru, to. Kwaru, to.

Nyuma ya mlango Bi Tahiya akausikia mguu mfupi wa mbuzi ya mama yake. Akachungulia kwenye upenyo. Akaona nazi nyeupe inaanguka chini, kwenye simiti, kwa sababu hamna cha kukinga. Nazi nzuri inamwagika chini, mlangoni kwake, na dada yake anaendelea kukuna, hatazami juu.

Hakumbuki alivyofungua komeo. Anakumbuka tu kwamba alikuwa na bakuli mkononi. La bati, lenye ukingo wa buluu. Akachuchumaa, akalisukuma chini ya ulimi wa mbuzi. Likakaa pale pale linapokaa siku zote. Dada akakuna mpaka kifuu cha kwanza kikaisha.

Nilimuuliza Bi Tahiya, basi alisahau au hakusahau? Akacheka kidogo, macho mekundu. Akasema: "Da Muzda hajawahi kusahau chombo maisha yake. Bakuli lake lilikuwa kwangu."

Kifuu cha pili kikachukuliwa. Tahiya akamgusa dada yake begani akamwambia, "Sogea." Akakaa yeye kwenye mbuzi, akakuna kilichobaki, haraka haraka, kama alivyokuwa akifanya Mkunazini. Alipomaliza akanyanyua bakuli kwa mikono miwili. Akatazama raba za dada yake, vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akatazama mwisho wa uchochoro, kwa watu wa birika na pasi na mto.

Akasema: "Mchuzi uko jikoni, unangoja tui la nazi hii. Vua viatu, Da Muzda. Waite na wenzako. Ingieni, tule."